Maswali Yenu: ERA ya Pedro Martínez ni 2.93 au 3.00?

Mwezi huu barua za besiboli zimenijia tatu, wakati miaka mingine sipati hata moja, kwa hiyo wapenzi wa soka mnivumilie, zamu yenu itarudi. ERA ni kipimo cha mrushaji wa mpira, ndogo ndo nzuri, nimeieleza kwenye jibu la kwanza.

SWALI: Ndugu mhariri habari za kazi. Mi ni mtu wa Tanga, niko Massachusetts mwaka wa sita huu, nafanya kazi stoo ya mizigo, na huku kama hujui besiboli saa ya mapumziko unabaki wewe na simu yako, basi nikajifunza. Sasa kuna ubishi hauishi. Yupo jamaa wa Jamhuri ya Dominika anasema hajawahi kutokea mrushaji kama Pedro Martínez. Yupo na mzee mmoja alikulia St. Louis, yeye ni Bob Gibson tu. Mzee anasema Gibson mwaka 1968 ERA yake ilikuwa 1.12, Pedro msimu wake mkali kabisa, 2000, ni 1.74, hesabu imeisha nendeni mkalale. Mi nikajifanya refa, nikachukua ERA za Pedro za misimu yote 18, nikajumlisha nikagawa kwa 18 nikapata 3.00. Kumbe rekodi zinasema 2.93! Yani sijaamua ugomvi wa watu nimeshakosea mwenyewe. Halafu hiyo 2.93 naiweka mbele ya nini ili nijue ni kubwa au ndogo? Nimeona pia wanaandika ERA plasi 154, ina maana ni bora kuliko wenzake kwa asilimia 54? Nisaidie kaka, hapo katikati kuna sahani ya wali, maharage na kuku.
*Mtanga wa Massachusetts*

JIBU: Kujumlisha hujakosea. Nimezirudia zote 18 kwa kikokotoo cha simu nimepata 53.97, gawa kwa 18 ndo hiyo 3.00 yako. Kosa lako ni moja tu na wengi wanalifanya, umechukua wastani wa wastani.

Kwanza niwasogeze wenzetu wanaoisikia besiboli kwa mbali. Mrushaji ndo yule anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo (la mti, siyo lile la kunywa). Iningi moja kwake ni kuwatoa wapigaji watatu, yani auti tatu, na mechi ina iningi 9. Mpigaji akizunguka besi zote, yani vile vituo vya uwanjani, akarudi alipoanzia, huo ni mkimbio mmoja. ERA ni mikimbio anayoruhusu mrushaji kwa kila iningi 9, ukiacha ile iliyopatikana kwa sababu mdakaji wake kaharibu, hiyo hadaiwi. Kwa hiyo unachukua mikimbio, unazidisha kwa 9, unagawa kwa iningi alizorusha. Ikiwa ndogo ndo nzuri.

Sasa ukienda sokoni ukanunua nyanya kilo moja kwa 2,000 halafu kwa mwingine ukachukua kilo kumi kwa 1,000 kila kilo, ukifika nyumbani huwezi kusema nyanya nimenunua wastani wa 1,500, mkeo atakuuliza chenji iko wapi. Ndicho ulichomfanyia Pedro. Angalia miaka yake ya uzeeni na New York Mets, 2007 alitoka kwenye upasuaji wa bega akarusha iningi 28 tu, mikimbio 8, ERA 2.57. Mwaka uliofuata iningi 109, mikimbio 68, ERA 5.61. Kwa njia yako miaka hiyo miwili inatoa 4.09. Lakini jumlisha mikimbio yenyewe, 76, iningi 137, zidisha kwa 9 gawa, unapata 4.99. Tofauti ni karibu mkimbio mzima kila mechi! Ule mwaka mfupi wa iningi 28 kwenye hesabu yako umepewa kiti sawa na mwaka 1997 alipokuwa Montreal akarusha iningi 241 na theluthi. Haki iko wapi hapo.

Ukitaka yake yote kwa njia sahihi, mikimbio aliyodaiwa tangu 1992 hadi 2009 ni 919, iningi ni 2827 na theluthi moja. 919 mara 9 gawa kwa hiyo, 2.93, ndo ile ya kwenye rekodi.

Na hapo hapo nikuonye kitu kimoja kabla hujaingiza namba kwenye Ekseli. Ukiona wameandika iningi 2827.1, hiyo nukta moja siyo sehemu ya kumi, ni auti moja, yani theluthi. Nukta mbili ni auti mbili, na nukta tatu hutaiona kamwe maana auti tatu ni iningi kamili. Kwa mtu mwenye iningi elfu mbili haidhuru, ila chukua mrushaji aliyeingia akatoa auti mbili akaruhusu mkimbio mmoja akatolewa. Wameandika 0.2. Ukiiacha hivyo Ekseli itakwambia ERA yake ni 45, wakati ukweli ni 13.50. Mi nilishawahi kumtukana mtu bure kwa ajili hiyo.

Haya, sasa ugomvi wa wazee wako. Mtoto akirudi shule na 60 ya hesabu, mzazi mwenye akili hashangilii wala hashiki fimbo, anauliza kwanza, wenzako wamepataje? ERA ni vile vile, 1.12 peke yake haisemi kitu mpaka ujue mwaka ule ligi nzima ilikuwa inapata ngapi.

Na 1968 mtihani ulikuwa mwepesi kwa warushaji, tena mwepesi mno. Ligi ya Taifa, ambayo Gibson alikuwamo na St. Louis Cardinals, wastani wa ERA ulikuwa 2.99. Kule ligi ya pili, Ligi ya Amerika, bingwa wa kupiga, Carl Yastrzemski, alimaliza na .301 (yani akipiga mara 10, kama 3 tu ndo anafika besi kwa gongo lake), hajawahi kutokea bingwa mwenye namba ndogo kama hiyo. Wapigaji walikuwa wamekufa. Wenye ligi wakaona watazamaji watakimbia, 1969 wakakishusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 mpaka inchi 10 na eneo la straiki, yani lile dirisha ambalo mpira lazima upite ili uhesabiwe halali, wakalipunguza, na mtu wa kwanza anayetajwa ukiuliza kwa nini walifanya hivyo ni huyo huyo Gibson wa mzee wako.

Sasa njoo 2000, zama za misuli na steroidi, miaka miwili nyuma Mark McGwire kapiga homurani 70 (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja), mwaka mmoja mbele Barry Bonds atapiga 73. Pedro yuko Boston Red Sox, kwenye Ligi ya Amerika ambayo mrushaji hapigi, anapigiwa na mtu maalumu aliyewekwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hakuna yule mpigaji wa tisa wa bure ambaye warushaji wa Ligi ya Taifa walikuwa wanamla (huko wameanza kutumia mpigaji maalumu moja kwa moja mwaka 2022). Wastani wa ERA kwenye ligi ya Pedro mwaka ule ulikuwa 4.91. Yeye 1.74! Aliyemfuata kwa ERA ndogo kwenye ligi nzima ni Roger Clemens na 3.70, yani kati ya wa kwanza na wa pili unaweza kupitisha basi. Alirusha iningi 217, akaruhusu hiti 128 (mpigaji kapiga akafika besi) na besi za bure 32 tu (mpigaji kapewa besi bila kupiga), ukijumlisha na kugawa kwa iningi ni 0.737, na tangu 1900 hakuna mrushaji wa msimu mzima aliyewahi kushuka hapo.

ERA plasi inafanya kitu rahisi, inachukua wastani wa ligi inagawa kwa ERA ya mtu inazidisha kwa 100. Mtu wa kawaida kabisa ni 100. Pedro 4.91 gawa kwa 1.74 unapata 282, halafu wanarekebisha uwanja, maana Fenway Park, uwanja wa Boston, ule ukuta wa kushoto uko karibu wapigaji wanaupenda, ndo inapanda hadi 291. Gibson 2.99 gawa kwa 1.12 ni 267, ikirekebishwa uwanja inakuwa 258. Na uwanja siyo kisingizio, muulize yeyote aliyewahi kurusha Denver, mwinuko mita 1,600, hewa nyepesi, mpira ukipigwa unasahau kushuka.

Kuhusu asilimia 54, hapana, na hapa hata watangazaji wanateleza. ERA plasi 154 imegawa ligi kwa mtu, siyo mtu kwa ligi, kwa hiyo igeuze, 100 gawa kwa 154 ni kama 0.65. Maana yake pale ambapo mrushaji wa kawaida angeruhusu mikimbio 100, Pedro aliruhusu 65. Ni pungufu ya asilimia 35. Ukisema 54 pale stoo atatokea mtu wa mahesabu akuaibishe. Ipo na ERA mainasi, hiyo inagawa kwa upande mwingine na ndogo ndo nzuri, ukikutana nayo usizichanganye.

Ile 2.93 ya maisha yake yote sasa, uiweke mbele ya nini? Usichukue wastani wa ligi wa mwaka huu. Wala usichukue wastani wa besiboli tangu dunia iumbwe. Unachukua kila mwaka aliocheza, ligi aliyokuwamo mwaka huo, na kila mwaka unaupa uzito wa iningi alizorusha, zile zile nyanya. Ukifanya hivyo na viwanja vyake ukavihesabu, mrushaji wa kawaida aliyevaa viatu vya Pedro angekuwa kwenye 4.5 hivi. Ukishaiona hiyo 4.5 ndo 2.93 inaanza kutisha.

Ushahidi kwamba hii kitu siyo porojo ni Ed Walsh. Huyu wa Chicago White Sox, alicheza 1904 hadi 1917, na ERA ya maisha 1.82 ndiye mwenye ndogo kuliko wote katika historia. Kwa macho anamwacha Pedro kwa zaidi ya mkimbio mmoja. Ila ERA plasi yake ni mia arobaini na kitu, chini ya Pedro! Kwa nini? Zama zake mpira mmoja ulitumika mpaka ukawa mweusi na laini kama embe lililoanguka, mrushaji alikuwa ruksa kuutemea mate ili upinde (Walsh mwenyewe alikuwa fundi wa mate), na homurani ilikuwa kama kupatwa kwa jua. Mate yalikuja kupigwa marufuku 1920. Kila mtu zama hizo ERA yake ilikuwa nzuri, hata wale ambao leo hakuna anayewakumbuka.

Hukumu basi. Kwa kila iningi aliyorusha, Pedro wa 2000 kamshinda Gibson wa 1968, hapo Mdominika yuko sahihi. Lakini usimdharau mzee, ana hoja ambayo hajaitumia. Gibson alirusha iningi 304 na theluthi mbili, mechi 34 alizoanza 28 kazimaliza mwenyewe, na 13 kati ya hizo mpinzani hakupata hata mkimbio mmoja. Ukipima aliokoa mikimbio mingapi ukilinganisha na mrushaji wa kawaida, Pedro ni kama 76, Gibson kama 63. Bado Pedro juu, ila mwaka 1968 mikimbio ilikuwa haba, mkimbio mmoja ulikuwa unaamua mechi, na 63 ya mwaka wa njaa siyo sawa na 63 ya mwaka wa mavuno, ukienda kwenye ushindi wenyewe wanakaribiana mno mpaka mtu anaweza kulala upande wowote. Mi ningempa Mdominika wali na maharage, kuku ale mzee.

SWALI: Hujambo bwana mhariri. Mimi niko Mombasa, besiboli naiangalia usiku kwa simu bando likiwepo. Mrushaji Nolan Ryan ana straikauti 5714, hakuna aliyemkaribia, no-hita saba, yani mechi nzima bila kuruhusu hiti hata moja. Pedro ana 3154. Mbona kwenye hizi ERA plasi zenu Ryan ni 112 tu, karibu na mtu wa kawaida? Nahisi hesabu zenyewe zina walakini.
*Mlinzi wa zamu ya usiku, Mombasa*

JIBU: Sijambo, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana kwenye straikauti, yani kumtoa mpigaji kwa straiki tatu, Ryan hapunjwi, anaongezewa.

Ryan alicheza misimu 27, 1966 mpaka 1993, iningi 5386. Jumla kubwa lazima iwepo ukikaa kazini muda wote huo, kwa hiyo tugawe kwa iningi 9: yeye 9.55, Pedro 10.04. Pedro juu. Lakini sasa fanya kile kile tulichofanya kule juu, uliza wenzao. Miaka ya sabini mrushaji wa kawaida alikuwa anapata straikauti kama 5 kwa mechi, zama za Pedro wameshafika 6 na nusu hivi. Ukiwalinganisha na majirani zao Ryan ndiye aliyekuwa wa ajabu zaidi, alikuwa anawatoa watu kwa kasi ambayo ligi nzima imekuja kuikaribia juzi juzi tu, sa hivi wastani wa ligi ni zaidi ya 8. Kwa hiyo 9.55 ya leo ni kijana mzuri wa kawaida, 9.55 ya 1973 ni jini.

Tatizo liko mfuko wa pili. Besi za bure, yani kumrushia mtu mipira minne nje mpaka anatembea zake bila kupiga, Ryan katoa 2795, na hiyo nayo ni rekodi ya muda wote hakuna aliyeifikia. Ni 4.67 kwa kila iningi 9, wastani wa ligi ni kama 3 na kitu. Pedro 760 tu maisha yake yote, 2.42. Ryan alikuwa anawajazia wapinzani besi halafu anahangaika kuzisafisha mwenyewe kwa straikauti. Inapendeza kuangalia saa nane za usiku, najua, ila mikimbio ilikuwa inaingia, na ndo maana 112. Tena 112 kwa iningi 5386 siyo jambo dogo, kuwa juu ya wastani kwa miaka 27 mwili haukubali, jaribu wewe kukimbiza daladala miaka 27.

Ila usimpime kwa ushindi na kushindwa, ile 324 na 292 inamdhulumu. Mwaka 1987 akiwa Houston na miaka 40 aliongoza Ligi ya Taifa kwa ERA, 2.76, akaongoza na straikauti, 270, halafu kwenye kitabu ameandikiwa kashinda 8 kashindwa 16! Wenzake hawakuwa wanafunga. Siku hizi wapiga kura wameelewa, Jacob deGrom 2018 alikuwa na ERA 1.70, kashinda 10 kashindwa 9, na tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora, wakampa.

SWALI: Mhariri, mwanangu ana miaka 11 anarusha kwenye timu ya shule. Mechi tatu, iningi 9, hajaruhusu hata mkimbio. Nimesoma kuhusu hiyo ERA plasi nikajaribu kumfanyia, nikagawa wastani wa timu zingine kwa ERA yake, simu imegoma. Nakosea wapi?
*Mama kijana, Jinja*

JIBU: Hukosei mama, simu ndo ina adabu. ERA yake ni 0.00 na hakuna namba inayogawanyika kwa sifuri. Mwambie kijana ameivunja kanuni, atafurahi.

Ila mambo mawili. Moja, mechi za watoto wa umri wake ni iningi 6, siyo 9, kwa hiyo mikimbio unazidisha kwa 6, la sivyo utamlinganisha na wakubwa bila kujua. Pili, iningi 9 ni chache mno kuweka mbele ya wastani wowote. Tuseme Jumamosi ijayo anaamka na mafua, anarusha iningi 3 anaruhusu mikimbio 6. Jumla iningi 12, mikimbio 6, ERA imeruka kutoka 0.00 hadi 3.00 kwa alasiri moja. Angekuwa na iningi 120 safi nyuma yake, mafua yale yale yangempeleka 0.29 tu. Ndo maana Pedro tunaweza kumhukumu na mwanao bado, mwache acheze, vijana wa Lugazi, hapo hapo kwenu Uganda, walifika Williamsport kule Marekani mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kwenye kombe la dunia la watoto, na sidhani kama kuna mama aliyekuwa anawapigia hesabu jikoni.

Kama bado unataka kuweka kumbukumbu, chukua daftari uandike auti, usiandike iningi. Kila anayetolewa weka kijiti, kila mkimbio weka nukta, na kama mdakaji kaangusha mpira andika pembeni ili mtoto asidaiwe. Mwisho wa msimu vijiti vyote gawa kwa tatu, hizo ndo iningi zake, na uzipate na za warushaji wa timu zingine mlizocheza nazo kwa njia hiyo hiyo, halafu nitumie.